Usigeuke Ukifika Kwenye Mafunjo

Mulembe kwenu nyote mlioko Samia, Bunyala, Butula na Matayos. Yoga kwenu ndugu zetu Wateso wa Malaba na Amagoro. Nanyi madereva wa malori mliopanga foleni pale mpakani mkisubiri karatasi zenu, poleni na safari. Zimeni injini, kaeni nami kidogo, maana leo tunatembea.

Ndiyo, tunatembea. Leo hakuna gari wala bodaboda, ni miguu yetu tu. Nataka nikuchukue kutoka hapa Sigalame, tuteremke vilima vya Samia, tuushike ukingo wa ziwa pale Sio Port, tuufuate kwenda kusini mpaka Port Victoria, kisha tuendelee hadi pale mto Nzoia unapoingia ziwani. Njiani tutapita mahali pa namna nne. Zishike vizuri, kwa sababu nitazirudia: mchanga, tuta, mti na kinamasi. Mchanga, tuta, mti na kinamasi. Na kabla hatujaagana nitakueleza kwa nini hicho cha nne, kinamasi, ambacho wengi wetu tunakikimbia, ndicho hasa cha kukifuata.

Kwanza nikuulize, msikilizaji. Mtu akikutajia pwani, unaona nini? Bila shaka unaona Mombasa, unaona minazi na bahari ya chumvi. Si kosa lako, shuleni tulifundishwa hivyo. Lakini hebu simama juu ya kilima chochote hapa Samia asubuhi isiyo na ukungu, uelekeze uso magharibi. Yale maji unayoyaona mpaka yanaungana na mbingu ni ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Nalo lina pwani yake. Lina fuo, lina mawimbi, lina bandari na mabaharia. Kenya imegawiwa sehemu ndogo tu ya ziwa hilo, kama asilimia sita, na kipande cha sehemu hiyo ndogo kipo hapa mlangoni petu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kukitembea kwa miguu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine?

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Basi twende tukaokote.

Tunaanza kileleni. Ukiteremka kutoka vilima vya Samia, angalia chini unapokanyaga. Utaona mawe mekundu, mengine ya rangi ya kutu, na ukiokota moja utashangaa lilivyo zito kuliko ukubwa wake. Hilo jiwe lina chuma ndani yake. Zamani, kabla ya majembe ya dukani, wahunzi wa Samia waliyeyusha mawe haya kwa makaa na mivuo, wakafua majembe yaliyosifika nchi zote za kando ya ziwa. Majembe hayo yalilimia, na pia yalilipiwa mahari. Kwa hiyo njia hii unayoteremka si njia mpya. Kuna watu waliopita hapa wakiwa na majembe begani kwenda kubadilishana na samaki, na kuna waliopanda na samaki kurudi nyumbani.

Na kuna jambo jingine la kukumbuka ukiwa bado juu, unapouona mto Sio ukipinda kuelekea ziwani. Kwenye sehemu yake ya chini mto huu ndio mpaka: ng'ambo ni Uganda, huku ni Kenya. Lakini mpaka huu ni mtoto wa juzi. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, kutoka hapa hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza wakachora upya. Mtu aliyezaliwa Samia mwaka 1900 alizaliwa Uganda, na bila kuhama boma la baba yake, akazeekea Kenya. Jamaa zake wakabaki ng'ambo, na mpaka leo Wasamia wapo pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Mstari ulikatwa kwenye karatasi, lakini huku chini njia za miguu ziliendelea kupita.

Haya, tumefika majini. La kwanza ni mchanga.

Fika ufuoni Sio Port mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma yako. Boti za omena zinarudi. Usiku kucha wavuvi walikuwa ziwani na taa zao, kwa kuwa omena hufuata mwanga, na usiku wa giza usio na mwezi ndio usiku wao. Boti ikigusa mchanga, watu wanaingia maji ya magoti, wanasaidiana kuivuta. Kisha wanakuja akina mama na beseni. Hapo kazi inabadilisha mikono.

Simama karibu na mama mmoja uangalie. Ametandika nyavu kuukuu juu ya mchanga. Anamwaga omena, kisha anawatawanya kwa kiganja, kama mtu anayelainisha shuka kitandani, mpaka kusiwe na samaki aliyelala juu ya mwenzake. Dakika chache za kwanza wanang'aa kama sarafu mpya. Jua likipanda, mng'ao unafifia, wanakauka, wanaanza kujikunja mkiani. Anawageuza kwa ufagio laini. Nilimuuliza mama mmoja, "Mama, kwa nini usiwaanike tu kwenye mchanga wenyewe?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, mchanga ukiingia kwenye gorogoro langu, mteja wangu hataniona tena." Gorogoro moja la omena lisilo na mchanga ndiyo ada ya shule, ndiyo unga, ndiyo dawa. Ufuo huu, msikilizaji, ni kiwanda kisicho na paa.

Na wewe mtembezi unapita katikati ya kiwanda cha watu. Kwa hiyo salimia, zunguka nyavu, usikanyage kamba, usipige watu picha kabla ya kuomba ruhusa. Kila ufuo wa kuvulia una kamati yake ya usimamizi, ile tunayoiita BMU, iliyowekewa kanuni zake mwaka 2007. Pitia kwao kwanza. Watakuambia wapi pana mamba, wapi maji yamekata njia, na nani anaweza kukusindikiza.

Utasikia pia upepo ukigeuka. Alfajiri ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ikikaribia saa sita mchana unaanza kutoka ziwani kuja kwetu. Ni kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapanda, na hewa baridi ya ziwani ikaja kujaza pengo. Usiku inakuwa kinyume. Wavuvi wa tanga waliujua mwendo huo kabla ya kitabu chochote: usiku upepo unakupeleka, mchana unakurudisha. Na hewa hiyohiyo ikipanda ikiwa na maji mengi, inazaa yale mawingu ya radi. Ndiyo maana nakuambia, tembea asubuhi, jioni uwe umefika.

Huo ndio mchanga. La pili ni tuta.

Ukiuacha ufuo wenye watu ukaendelea, mahali pengi utaona mchanga umeinuka kidogo nyuma ya ufuo, ukafanya mgongo mrefu unaofuata ukingo. Juu yake nyasi ngumu zimeshika, pengine na vichaka vya miiba. Mgeni atapita asione kitu. Lakini mgongo huo umejengwa na mawimbi, na mara nyingine umejengwa wakati ziwa lilipokuwa juu kuliko leo.

Ziwa hili hupanda na kushuka. Wazee wetu wanakumbuka mvua za uhuru, zile za kuanzia mwaka 1961, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache na kula mashamba na vijiji. Na sisi wenyewe tumeona mwaka 2020, maji yalipofikia kiwango ambacho hakikuwahi kupimwa tangu vipimo vianze. Ufuo ukatoweka, nyumba zikaachwa zimesimama majini hadi madirishani, watu wakahamia shuleni na makanisani.

Sasa jiulize: maji yakija, ni nini kinachosimama kati ya wimbi na shamba lako la mihogo? Ni tuta hilo. Ni mchanga ule ule ambao lori linakuja kuupakia. Simlaumu kijana anayeuza mchanga, ana watoto wa kulisha, na wote tunajenga. Lakini mchanga wa kuchimba una mahali pake, na mahali pake si kwenye tuta la ufuoni. Ukiliondoa tuta, umefungua mlango, na ziwa halibishi hodi.

Ndugu zetu wa Lamu wanalijua jambo hili kwa namna yao. Pale Shela kuna vilima vya mchanga vikubwa kuliko hivi vyetu, vimelala kando ya bahari. Mtalii anaona mahali pa kupigia picha. Mwenyeji anaona kisima, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya mchanga ule inazama, inakaa chini yake ikiwa tamu, juu ya maji ya chumvi, na mji wa Lamu umekunywa maji hayo kwa vizazi. Wao mchanga unawatunzia maji ya kunywa. Sisi mchanga unatuzuilia maji ya kutuzamisha. Kote kuwili, asiyetembea juu yake hajui kazi yake.

La tatu ni mti.

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, kwa maana kaunti yetu ya Busia ina msitu mdogo sana wa asili. Hatuna msitu kama wa Kakamega. Tulicho nacho ni vipande: mikuyu kando ya kijito, mvule mmoja mkubwa uliosalimika katikati ya boma, miti iliyoshikana kwenye mwamba ambako jembe halikuweza kufika. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Uganda, bado upo msitu wa hifadhi wa West Bugwe, na ukiuona unapata picha ya jinsi nchi hii ilivyokuwa.

Lakini hata kipande ni kitu. Saa saba mchana, umetembea juani tangu asubuhi, mchanga umeanza kuunguza hata kupitia soli, kisha unaingia chini ya mkuyu. Joto linashuka mara moja, kama umeingia nyumba ya nyasi. Sikiliza: ndege wamo, nyani hawako mbali, tunda linaanguka pap! Kaa hapo nusu saa. Kunywa maji.

Wazee wengine watakuambia hawapendi kichaka kilichokaribia maji. Usiwacheke. Miaka ya mwanzo ya 1900 ugonjwa wa malale ulipita katika fuo hizi ukiletwa na mbung'o. Upande wa Uganda peke yake uliua zaidi ya watu 200,000, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wote waliokaa karibu na maji. Fuo zikawa tupu, vichaka vikajiotea vyenyewe, mbung'o wakabaki na nchi. Hofu ya kichaka ina mizizi yake. Lakini leo tunachohitaji si kufyeka kila kitu hadi majini. Mti ulioshika kingo za mto ndio unaoshika udongo. Ukitaka kujua udongo wetu unakwenda wapi, tuendelee na safari, kwa sababu tumekaribia Nzoia.

Tumefika kwenye la nne. Mchanga, tuta, mti, na sasa kinamasi.

Msikilizaji, mara ya kwanza nilipotembea njia hii, niligeuka hapa. Nilipita Port Victoria nikiwa na furaha, nikaelekea kusini kwenye nchi tambarare ya Bunyala, halafu njia ikaingia kwenye mafunjo na kupotea. Mafunjo ni yale matete makubwa yanayomzidi mtu urefu mara mbili au zaidi, yenye kichwa kama nywele zilizotimka. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa kijani, chini maji meusi, na harufu ya kuoza. Nikasema, hapa njia imekwisha, kilichobaki ni uchafu. Nikarudi nilikotoka. Na nilirudi nikidhani nimeiona pwani yetu yote.

Mara ya pili nilikwenda na mzee mmoja ambaye amekata mafunjo ya kusukia mikeka tangu ujana wake. Alikuja na upondo mrefu begani, na gambuti zilizopigwa viraka. Tulipofika pale pale nilipogeuka, nikamuuliza, "Mzee, hapa panapitika kweli?" Akaniangalia, akasema, "Panapitika kwa anayefuata. Weka mguu nilipoweka mimi. Penye mashina kanyaga, penye maji yanayong'aa usikanyage."

Tukaingia. Hatua ya kwanza ardhi ilishuka kidogo, kisha ikanibeba. Hatua ya pili, nikaona mafunjo yaliyo hatua tano mbele yangu yakiinama, kana kwamba nimeyagusa. Ndipo nikaelewa kwamba sikuwa nimesimama juu ya nchi. Nilikuwa nimesimama juu ya jamvi la mizizi na mashina, yaliyofumana yenyewe kwa yenyewe, yanaelea. Mzee alichoma upondo wake chini. Ukapita kwenye mizizi, ukapita kwenye tope laini jeusi, ukazama mpaka mkono wake ukagusa maji. Hakuufikisha mwisho. Akauvuta nje, akanionyesha ncha yake: tope jeusi, limejaa nyuzi za mafunjo ya zamani yaliyokufa, hayajaoza yote. Miaka mingapi ilikuwa kwenye ncha ya fimbo ile? Mafunjo yanaota, yanakufa, yanazama, na kwa kuwa chini hakuna hewa ya kutosha, hayaozi upesi. Yanajilimbikiza safu juu ya safu.

Alikata shina moja, akanipa. Ni la pembe tatu, ndani jeupe kama sponji, jepesi ajabu. "Hili ndilo linaloelea," akasema. Kisha akanyamaza, akainua kidole. Ndani ya mafunjo ndege aliita, na mwingine akamjibu papo hapo, hata ungedhani ni sauti moja. Nilimwona kwa kufumba na kufumbua: kifua chekundu kama damu, utosi wa njano, mgongo mweusi. Ndege huyo haishi mjini wala msituni. Huishi kwenye mafunjo tu. Ukiyaondoa mafunjo, hana pa kwenda.

Na si ndege peke yake. Kamongo yumo, yule samaki mwenye mapafu anayepanda juu kuvuta hewa kama wewe na mimi. Mumi wamo. Kusini zaidi, kwenye kinamasi kikubwa cha Yala, yupo nzohe, swala wa majini, ambaye akitishwa hujizamisha akaacha pua tu. Na kuna hadithi ya ngege. Mbuta alipoletwa ziwani miaka ya 1950, alikula samaki wengi wa asili wakapungua vibaya. Ngege wa asili karibu atoweke ziwani. Lakini kwenye ziwa dogo la Kanyaboli, lililozingirwa na kinamasi cha Yala, alibaki. Mafunjo yalimficha, kwa sababu mbuta hawezi kuvuka maji yenye hewa chache kama yale. Samaki ambaye babu yako alimla, aliokolewa na mahali tunapopaita pabaya.

Lakini jambo lililonigeuza mawazo lilikuwa dogo kuliko yote hayo. Mzee alinipeleka upande ambako maji ya mto huingia kinamasini. Akateka kwa kikombe. Yalikuwa kama chai ya maziwa, mekundu kwa udongo. Udongo huo umetoka Cherangani, umetoka Elgon, umetoka kwenye mashamba ya watu njia nzima, maana Nzoia inasafiri kilomita zipatazo 257 kabla ya kufika hapa. Kisha tukatembea, tukatokea upande wa pili, maji yanakotoka kuelekea ziwani. Akateka tena kwa kikombe kile kile. Maji yalikuwa na rangi kidogo kama ya majani ya chai, lakini niliona chini ya kikombe. Niliona hadi alama ya kutu iliyokuwa chini ya kikombe.

Nisikilize vizuri hapa. Mto ukija kwa kasi, mafunjo yanaupunguza mwendo. Maji yakipungua mwendo, udongo unatua. Maji yakizidi, kinamasi kinayapokea na kutanuka, kisha kinayaachia polepole. Sasa fikiria watu wa Budalangi, ambao karibu kila mvua kubwa wanalala wakisikiliza kama tuta la mto limepasuka. Tumejenga matuta ya udongo, na ni lazima tuyatengeneze. Lakini mto uliobanwa kati ya kuta mbili, huku vinamasi vyake vimekaushwa vikalimwa na kuchomwa, utapumulia wapi? Tulikiita kinamasi nchi isiyo na kazi. Tukakinyang'anya nafasi, sasa maji yanadai nafasi hiyo kwenye vyumba vyetu vya kulala.

Ndiyo maana nasema, usigeuke ukifika kwenye mafunjo. Anayegeukia pale ameona samaki, mchanga na kivuli. Hajaona kinachovishikilia.

Sasa utaniuliza, je, ni sisi tu wenye wazo la kutembea ukingo wa maji? Hapana. Kule Kanada, kwenye kisiwa cha Vancouver, kuna njia ya miguu ya kilomita 75 kando ya bahari, inayopita fuo, misitu na vinamasi, na juu ya tope wametandaza mbao za kukanyagia. Haikuanza kama njia ya starehe. Mwaka 1906 meli iitwayo Valencia ilivunjika kwenye miamba ya pale, watu zaidi ya 100 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Baada ya hapo njia ikaboreshwa ili manusura wa meli wapate pa kupita na waokoaji wafike. Leo watu wanatoka nchi za mbali kuitembea.

Na mifano ya karibu ipo. Wanawake wa Gazi, kaunti ya Kwale, walijenga daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Mgeni analipa kidogo, anatembea juu ya tope bila kuliharibu, na fedha zinabaki kijijini. Na hapo Uganda, Bigodi, karibu na msitu wa Kibale, wanakijiji walijiunga mwaka 1992 kukilinda kinamasi chao cha mafunjo. Wageni hupita na waongozaji wa pale pale kuona ndege na nyani, na mapato yamesaidia elimu ya watoto wao. Ni kinamasi kama hiki chetu. Ni mafunjo haya haya.

Je, sisi tunashindwa na nini? Tunacho kinamasi cha Sio-Siteko tunachoshirikiana na wenzetu wa Uganda. Tunazo fuo, vilima na historia ya chuma. Na Katiba yetu ya mwaka 2010 imeyaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma. Tunachohitaji kwanza ni njia ibaki wazi: uzio usiteremke hadi majini, tuta lisipakiwe kwenye lori, mafunjo yakatwe kwa kusuka lakini yasichomwe na kung'olewa. Halafu mbao chache, na vijana wachache waliofundishwa na wazee kama yule niliyemfuata.

Ukitaka kwenda, nikupe maneno machache ya safari. Beba kitambulisho, kwa maana mpaka uko karibu. Nenda na mwenyeji, usiende peke yako. Usioge wala usisimame sana kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kuna kichocho. Kiboko akiwa nchi kavu, usikae kati yake na maji, na usitembee ukingoni alfajiri na magharibi anapopita. Vaa gambuti kwenye kinamasi. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, mto ukiwa umejaa, kaa nyumbani usubiri.

Basi turudie pamoja. Mchanga ndio kiwanda chetu. Tuta ndilo mlango wetu. Mti ndio unaoshika udongo wetu. Na kinamasi ndicho kinachopokea vyote vitatu, kikachuja, kikatunza, kikatupa maji na samaki. Mchanga, tuta, mti na kinamasi. Jumamosi hii mchukue mtoto wako mmoja, tembeeni kipande kimoja tu. Kisha Jumamosi nyingine, kipande kingine.

Siku ile tulipotoka kwenye mafunjo jua lilikuwa linashuka upande wa visiwa. Nilimwona mzee akiuchomeka upondo wake kwenye tope, ukingoni, pale njia inapoingilia. Nikamwambia, "Mzee, umeusahau upondo." Akasema, "Sijausahau. Atakayekuja atauhitaji kabla yangu."